Siku Mama alipomkata samaki wa mashindano ndani ya Nyar Nam

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, ninyi mnaochangia na ninyi mnaosoma kimya kama nilivyozoea kufanya mimi.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu kama boti moja, ndogo ya kiasi, yaweza kufaa mashindano ya uvuvi na pia matembezi ya familia. Alijibiwa kwa bei, kwa urefu na kwa nguvu za injini. Majibu yalikuwa mazuri. Langu ni refu zaidi, nalo ni la miaka ya sitini, Homa Bay.

Mimi ni mwanamke mzee, mwalimu mstaafu. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona. Pale nisipokumbuka, nitasema sikumbuki.

Mniruhusu kwanza nieleze hali ilivyokuwa kabla ya jambo lenyewe, la sivyo mtadhani watu wetu walikuwa wakaidi tu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mvua za miaka ile zilikuwa kubwa, maji ya ziwa yakapanda hadi yakameza mashamba ya ufuoni. Barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Migori, kisha kuteremka hadi Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania, ilikuwa tope jeusi linaloshika gurudumu na kutoliachia. Mto Kuja ukifurika, safari iliishia hapo.

Mama yangu alizaliwa Muhuru. Kwetu mke huitwa kwa kwao, basi mji mzima ulimwita Nyar Muhuru, yaani binti wa Muhuru. Kwa miaka kadhaa alibeba jina la mahali asipoweza kufika.

Mtauliza: na njia ya maji? Ilikuwepo, tena nzuri. Mlango wa Mbita siku hizo ulikuwa wazi, haujazibwa na barabara, na chombo kiliweza kupita moja kwa moja hadi ziwa kuu na kuelekea kusini.

Lakini wavuvi wetu hawakupakia mwanamke. Mashua kwao ilikuwa ni mwanamke. Ilipewa jina la kike, ikapokelewa ufuoni kama bi harusi, na mwenye mashua akahesabiwa kuwa mumewe. Mwanamke mwingine akipanda, mashua huona wivu na samaki hupotea.

(Shuleni watawa walitufundisha kwamba Kilatini nacho huita chombo cha majini kwa jinsia ya kike. Hawakutueleza sababu. Wavuvi wa Muhuru sababu walikuwa nayo.)

Jambo la mwisho ni samaki mwenyewe. Mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara, alikuwa mgeni ziwani. Akina mama sokoni walimkataa, wakisema ana mafuta mengi na hana adabu ndani ya sufuria. Waliomtaka walikuwa Wazungu na Wahindi wachache wenye klabu yao, ambao walimvua kwa fimbo na mshipi ili kujifurahisha, na kila mwaka wakashindania kikombe.

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa.

Sasa chombo.

Afisa mmoja wa serikali, akijiandaa kurudi kwao, aliuza boti yake. Ilikuwa imejengwa ng'ambo na kuletwa hadi Kisumu kwa reli. Urefu wake haukuzidi futi thelathini. Nyuma palikuwa wazi na papana, pana kiti cha mvuvi kilichofungwa sakafuni, na matundu ya kusimamishia fimbo. Mbele palikuwa na chumba cha chini: vitanda viwili vinavyokutana miguuni, kabati, choo kidogo chenye mlango, na jiko la mafuta ya taa, lile la kupiga pampu.

Afisa alimwambia Baba maneno ambayo Baba aliyarudia maisha yake yote: "Leo mashindano, kesho mke na watoto. Chombo ni kilekile."

Baba alikuwa na duka la nguo mjini. Hakuwa mvuvi. Alikinunua pamoja na mdogo wake, Baba mdogo Okelo, ambaye alikuwa na nyavu na watu wa kuzivuta. Wakakiita Nyar Nam, binti wa ziwa.

Nadhani tayari mmeuona ufa. Baba alinunua chumba. Baba mdogo alinunua sehemu ya nyuma.

Safari ya kwanza Baba alimpeleka Mama kwao. Aliyeendesha alikuwa Chacha, Mkuria aliyejifunzia injini kwenye machimbo ya dhahabu ya Masara na asiyejali miiko ya wavuvi wa Kijaluo. Walikula chakula baridi, maana Baba aliliogopa lile jiko. Mama alilala chumbani, na kulipopambazuka akafungua kidirisha akaona omena, yaani dagaa, wa kwao wameanikwa ufuoni, na dada zake wakishindana kukimbilia majini kumlaki.

Aliporudi alishona mapazia ya vile vidirisha.

Baba mdogo aliyaona mapazia. Siku chache baadaye alikuja nyumbani, akakaa sebuleni na kusema wazi:

"Kaka, chombo kile kinabeba kitanda mahali pa samaki. Nataka king'olewe chumba, kiwe wazi mbele na nyuma. Nitakipeleka kwenye nyavu."

"Kitavua hivyohivyo kilivyo," Baba alijibu.

"Kivue nione."

Ndipo wakakubaliana. Mashindano ya klabu yalikuwa karibu, na kwa mara ya kwanza Waafrika waliruhusiwa kuingia. Nyar Nam ikishiriki chumba chake kikiwamo na kufikisha samaki mzima kwenye mizani, chumba kinabaki. Ikirudi bila samaki wa kupimwa, Baba mdogo anakibomoa chumba siku hiyohiyo. Mashindano yaliwekwa Jumapili. Baba mdogo alikuwa Msabato, akasema angalau atashinda siku isiyo ya dhambi.

Mama alikuwa jikoni. Ukuta wa jiko letu ulikuwa mwembamba. Nilikuwa naye, nina miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya bweni na sijajua niende wapi. Alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe. Aliendelea kuchagua, na baadaye nikakuta mawe ameyaacha na maharagwe ameyatupa.

Ili kuvua kwa ushindani Baba alihitaji mtu anayelijua ziwa. Alimjua mmoja tu: Odoyo, mzaliwa wa Muhuru, aliyekuwa kiongozi wa wavuvi wa Baba mdogo. Baba mdogo hakukataa kumtoa. Alicheka tu, nasi hatukujua anacheka nini.

Tulijua Odoyo alipofika gatini kukagua chombo. Aliingiza kichwa chumbani, akayaona mapazia, akakitoa kichwa.

"Jaduong'," alimwambia Baba, akimwita mzee kwa heshima ya Kijaluo, "humu amelala mwanamke."

"Mke wangu."

"Hata angekuwa mama yako. Mimi sivui humu."

Chacha alikuwa ameinamia injini. Kwa sababu yake wote waliongea Kiswahili. "Odoyo," alisema, "hii injini haijui nani mwanamke nani mwanamume. Inajua mafuta tu."

"Wewe Mkuria nyamaza. Kwenu maji mnayaona kwa kikombe."

"Na bado mimi ndiye napeleka wewe!"

Mama alikuwa amekuja pamoja nami, kuleta chakula cha Baba. Alisimama gatini, hakukanyaga chombo. Alisema taratibu, kama mtu anayeulizia njia:

"Odoyo, mtoto wa kwetu. Mashua ina kitanda?"

"Haina, mama."

"Ina jiko?"

"Haina."

"Ina choo chenye mlango?"

Chacha alicheka.

"Basi hii umeiitaje mashua? Mimi naona nyumba. Nyumba ni ya mke. Mwanamume ndiye haingii kulala humo kabla mke hajawasha moto wake."

Wakuu, nimefundisha wanafunzi wengi namna ya kujenga hoja. Nawaambia kwa makini: Mama hakuupinga mwiko. Aliuacha pale ulipo, akahamisha kitu kilichokuwa chini yake. Odoyo alikaa kwenye ukingo wa gati, miguu ikining'inia, akafikiri.

"Sawa," alisema mwishowe. "Moto wake uko wapi?"

"Haujawashwa."

"Kama ni nyumba, ifunguliwe kama nyumba. Uwashe moto wewe mwenyewe humo ndani. Samaki wa kwanza atakayeingia apikwe kwenye moto huo, aliwe humo. Asipimwe, asiuzwe. Aliyepimwa ni wa soko, wa kwanza si wa soko."

"Nimekubali," Mama alisema.

"Na atakayekula chakula hicho amekuwa mtu wa nyumba. Hatagusa nguzo yake hata moja mwenye nyumba akiwa hai."

"Basi tule sana," alisema Chacha.

(Sisemi hizi ni desturi za kila ukoo wa Nyanza. Nasema ndivyo Odoyo alivyozijua, na Mama alizijua vivyo hivyo.)

Baba alifurahi mno. Jioni alituambia huku akisugua mikono: samaki wa kwanza sikuzote huwa mdogo. Atavuliwa kisamaki, kitapikwa, Odoyo ataridhika, kisha tutavua wa mizani. Mama alimtazama.

Jumapili tuliondoka baada ya misa ya alfajiri. Mama alisema hatakaa siku nzima kati ya wanaume peke yake, hivyo na mimi nilipanda. Gatini palikuwa na maboti ya klabu, meupe, yenye bendera ndogo. Baba mdogo Okelo naye alikuwapo, na pembeni yake fundi wa mbao amekalia sanduku lake la vifaa.

"Shemeji," alimwita Mama, kwa utani wa shemeji kwa shemeji, "umevaa kitambaa kizuri. Unakwenda kuvua au kuolewa?"

"Nakwenda kupika. Wewe kaa hapo, njaa ikuume."

Tulipoyapita mawimbi ya gatini, Mama aliingia chumbani na kupiga pampu ya jiko. Lilitoa moshi, kisha likashika, na sauti yake ikawa kama ya nyuki. Odoyo aliusikiliza moto ule kutoka kwenye usukani. Alipoona unaendelea, alivua kofia, akaivaa tena. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yote.

Kisha tukavua, au tuseme tulikokota mishipi. Tulizunguka rasi kuelekea Mbita na kurudi, chambo kikiogelea nyuma yetu, Baba amekaa kwenye kile kiti kama hakimu. Hakuna kitu. Kisamaki cha Baba hakikuja. Boti moja ya klabu ilipita karibu, watu wake wakainua samaki wao tumwone. Chacha aliwapungia mkono na kusema kwa Kikuria neno ambalo alikataa katakata kutufasiria.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama pale fimbo ya kulia ilipokunjika.

Sitaeleza mapambano yale. Humu kuna wavuvi wanaoyajua vizuri kuliko mimi, na wengine wanaoyaongeza. Itoshe kusema kwamba mikono ya Baba ilichubuka, Odoyo alikizungusha chombo kwa ustadi, Chacha akapitisha kulabu, na mbuta akalala nyuma akiijaza sakafu, mnene kama beberu aliyenona. Hatukuwa tumeona mkubwa kuliko yeye siku ile, si wetu wala wa wengine.

Baba alipiga kelele za furaha. Kisha akaona sote tunamtazama Odoyo.

Alikuwa samaki wa kwanza.

"Odoyo, ndugu yangu," Baba alianza. "Muda umekwisha. Hatutapata mwingine. Tumpime tu, halafu tumpike. Hata saa moja haitapita."

"Mizani ni ya soko, Jaduong'."

"Ni mizani ya mchezo!"

"Mizani ni mizani." Odoyo hakuwa amekasirika. "Ukimpima, mimi nitawafikisha nyumbani salama. Lakini hii itakuwa mashua iliyolaliwa na mwanamke, na sitaipanda tena. Hakuna wa Muhuru atakayeipanda."

Baba alimgeukia Mama. Aliongea Kijaluo, kwa sauti ya chini, lakini mahali palikuwa padogo. "Unajua tulichokubaliana na Okelo."

"Najua. Nilikuwa jikoni."

"Fundi amekaa pale na misumeno."

"Nilimwona."

"Basi amua wewe. Chumba ni chako."

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, nyuma yake mapazia, moto ukinguruma. Alitazama kusini. Muhuru haionekani kutoka pale, milima na visiwa vinaiziba, lakini alitazama. Akimpima samaki, chumba kinabaki leo. Asipompima, jua halitazama kabla hajakipoteza.

Alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie:

"Juzi niliiita nyumba ili nipande. Leo siwezi kuiita mashua ili nishinde."

Akaingia ndani, akatoka na kisu.

"Haya," alisema Chacha polepole, "kikombe kimeingia kwa sufuria."

Mama alimkata samaki vipande, akavipika kwa vitunguu na nyanya, awamu kwa awamu kwa kuwa jiko lilikuwa dogo. Tulikula tumekaa sakafuni. Kipande cha kwanza kilipoingia kinywani nilijua kwamba amesahau chumvi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kusahau chumvi hata wakati wa msiba. Nilimtazama Baba. Alikuwa akitafuna, macho yake chini. Odoyo alikula, akasema ahsante. Chacha aliomba kuongezewa. Hakuna aliyeitaja chumvi.

Tulifika gatini wa mwisho. Mpimaji wa klabu, Mzungu mzee mwenye kofia ya majani, alichungulia nyuma ya chombo.

"Samaki wapi?"

"Iko kwa sufuria, bwana," Chacha alijibu.

Mzee yule aliinama, akaona kichwa cha mbuta, akakitazama kwa uchungu wa kweli, maana alielewa ukubwa wake. "Kichwa tu mimi hapana pima," alisema. Watu wa maboti mengine walicheka. Watu wetu waliokuwa ufuoni walicheka pia, na kicheko chao kiliuma zaidi.

Baba mdogo Okelo alishuka hadi ukingoni. Fundi alisimama na kuinua sanduku lake. Odoyo aliruka gatini akamsimulia Baba mdogo kila kitu kwa Kijaluo, kwa mpangilio, bila kuacha: moto, samaki, maneno ya Mama. Hakumtetea mtu. Alitoa taarifa kama mtu wa kazi anavyompa bosi wake.

Mama hakusubiri ajibu. Alipakua sahani, akaja nayo hadi ukingo wa chombo, akainyoosha kuvuka maji. Akapiga goti kidogo, kwa mkono mwingine akishika mkunjo wa nguo yake, kama afanyavyo mwanamke anayemkaribisha shemeji yake mlangoni.

"Nilikuambia nini asubuhi?" alimwuliza. "Au njaa haijakuuma?"

Wakuu, Baba mdogo alikuwa mtu wa Muhuru kwa biashara na mtu wa ziwa kwa maisha yake yote. Alijua sahani ile ni nini. Alijua kuliko Baba. Angeweza kusema ameshiba, na hakuna ambaye angemlaumu, kwani makubaliano yalikuwa wazi na sisi ndio tulioshindwa.

Aliitazama. Akamtazama kaka yake, mwenye mikono iliyochubuka. Akamtazama Mama, ambaye bado alikuwa ameinyoosha sahani.

Akaipokea. Alikula kipande kimoja akiwa amesimama, akatafuna polepole, akameza.

"Shemeji," alisema kwa sauti ambayo gati zima liliisikia, "nyumba yako hii haina chumvi?"

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Mama alijifunika uso kwa kitambaa, na sikujua kama analia au anacheka, na mpaka leo sijui. Fundi alirudisha sanduku chini, akauliza kama na yeye atapata kipande.

Nimelifikiria tukio hili kwa zaidi ya nusu karne. Nilikuja kusoma sana baadaye, na nimewaona watu wenye elimu wakiegemea kanuni pale inapowafaa na kuiweka kando inapowagharimu. Mimi mwenyewe nimeshawishika mara nyingi. Kila mara namwona Mama akitazama kusini, kisha akiingia ndani kuchukua kisu. Hakujua kwamba sahani ingempatia alichokipoteza. Alikata kwanza. Sahani ilikuja baadaye.

Kwa mwenzetu aliyeuliza: ndiyo, boti moja yaweza kufaa mashindano na familia. Ila kabla ya kuuliza urefu wake, waulize watakaopanda wanaiona kuwa nini.

Na ninyi wa Muhuru, Karungu, Mfangano na kwingineko: je, desturi hizi mlizikuta kwenu, au kwenu zilikuwa na sura nyingine? Wa Ukerewe na Musoma nao wasiniache peke yangu. Anayejua nilipokosea anisahihishe bila kuona haya, nitashukuru.

Kuhusu Nyar Nam: haikushindana tena. Baba mdogo alijijengea mashua yake ya nyavu, na Odoyo akawa anaendesha zote mbili. Mama alikwenda kwao kila mwaka, akalala kwenye kitanda chake, akawasha moto wake. Alipofariki, baada ya matanga, Baba mdogo Okelo alikuja na fundi yuleyule, wakakiondoa chumba ubao kwa ubao. Mapazia walimpa Baba. Jiko walinipa mimi.